Neno la Siri la Msomaji wa Majina

Mzee Anzuruni Kipala hakuwa na gari, wala pikipiki, wala shamba la urithi. Hakuwa na meno mawili ya chini upande wa kushoto. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, kwa sababu michana yote ya ujana wake aliimaliza akibeba marobota ya pamba katika ghala la ushirika. Alichokuwa nacho ni cheti cha shule ya jioni, chenye mhuri wa zambarau, nacho alikitundika ukutani juu kuliko kalenda. Hakuwa na adui aliyemfahamu kwa jina. Hakuwa na tabia ya kusahau jambo bila kuagizwa. Na tangu Jumanne saa kumi alasiri, hakuwa na neno la siri la waifai ya nyumba yake mwenyewe.

Haya yalitokea katika Jamhuri ya Tutafika, nchi isiyopakana na nchi yoyote anayoijua msomaji. Msomaji akisikia harufu ya mahali fulani, ajue ni pua yake hiyo, hadithi isisingiziwe.

Tutafika iliongozwa na Mheshimiwa Mkuu. Kila mwaka, katika Sikukuu ya Nyongeza, wananchi walimwomba akubali sifa mpya katika jina lake, naye kila mwaka alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu, kama ratiba ilivyoonyesha. Mwaka huu jina lake lilikuwa limefika maneno arobaini na moja. Kwa kuwa si kila koo linaweza kubeba mzigo kama huo, kila mtaa uliajiri Msomaji wa Majina, mtu wa kusimama mwanzo wa kila mkutano, hata ule wa kuzibua mtaro, na kulitamka jina lote pasipo kukosea. Msomaji wa Mtaa wa Subira alikuwa Mzee Anzuruni. Alilimaliza kwa pumzi mbili. Msomaji wa mtaa wa jirani alihitaji pumzi nne na glasi ya maji, na Mzee Anzuruni alimhurumia hadharani.

Runinga ilifika Jumanne hiyo ndani ya boksi refu kama jeneza la mtu mwembamba. Ilikuwa runinga janja, bapa, inayoongea na mtandao. Aliyeituma ni Sikudhani, binti yake wa pekee, aliyekuwa nchi ya baridi akisomea udaktari wa mifugo. Jumamosi saa nne asubuhi angetunukiwa shahada, na chuo kingerusha sherehe nzima mtandaoni.

"Baba," alikuwa amesema kwenye simu, "wakiniita jina, nataka nijue unaniona. Huku wenzangu wote wana watu wao ukumbini. Mimi nina nyie kwenye hiyo runinga."

"Nitakuona, mwanangu," alijibu Mzee Anzuruni. "Nitavaa koti."

Waifai yenyewe ilikuwapo tangu miaka mitatu iliyopita, Siku ya Waifai ya Taifa, serikali ilipogawa kisanduku chenye taa kwa kila nyumba kwa siku moja. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, mkono kifuani, akataja neno lake la siri. Kanuni ilisema neno hilo liwe jina kamili la Mheshimiwa Mkuu kama lilivyo siku hiyo, herufi ndogo, bila nafasi. Serikali ilieleza kwamba kufanya hivyo kungerahisisha kumbukumbu, maana mwananchi mwema hana neno jingine moyoni. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa na neno moja la siri, na kila mtu alilificha.

Sikudhani alilitumia kwenye kompyuta yake, akaondoka nayo ng'ambo. Kisanduku kilibaki kikipepesa taa zake chini ya kitambaa cha kufuma cha mama yake.

Tatizo lilikuwa dogo. Tangu siku ile jina lilikuwa limebadilika mara tatu, na katika Tutafika jina likibadilika, Sheria ya Kusahau humpa raia siku saba za kulisahau la zamani. Mzee Anzuruni alikuwa amelisahau ndani ya siku tatu. Alipewa barua ya pongezi.

*

"Jaribu hilo la sasa," alisema mkewe, Bi Mwamvua, Jumatano asubuhi.

Mzee Anzuruni akashika rimoti kama mtu aliyeshika kinyonga, akaingiza maneno arobaini na moja, herufi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilimchukua tangu chai hadi harufu ya maharage. Alipobonyeza sawa, runinga ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa herufi kubwa: SI SAHIHI.

Mzee Anzuruni aliruka akafunga dirisha.

"Umeona?" alinong'ona. "Imeandika jina la Mheshimiwa Mkuu si sahihi! Ndani ya nyumba yangu!"

"Imeandika neno la siri si sahihi, Baba Sikudhani."

"Ndiyo hilo hilo! Itupie khanga."

Runinga ikafunikwa khanga mpaka maneno yalipofutika yenyewe. Bi Mwamvua, ambaye hakuwahi kupewa barua ya pongezi kwa kusahau, alikuna kichwa.

"Mimi nakumbuka mbele kulikuwa na mvua. Halafu kukawa na kile chombo... kile cha magurudumu mawili."

"Mama Sikudhani!"

"Sijakitaja."

Hakukitaja, na alifanya vyema. Miaka mitatu iliyopita Mheshimiwa Mkuu aliitwa pia Baba wa Mvua, jina lililoondolewa baada ya ukame wa misimu miwili, watu walipoanza kuuliza mwanawe yuko wapi. Aliitwa pia Mpanda Baiskeli wa Kwanza, hadi siku alipozindua barabara ya lami mbele ya umati na baiskeli ikakosa nidhamu. Alianguka mara moja tu, lakini alianguka kwa muda mrefu. Baiskeli ilishtakiwa, ikahukumiwa miaka saba, na tangu hapo neno lenyewe halikusikika tena. Mafundi wake sasa waliitwa mafundi wa vyombo vya magurudumu mawili, na ukitaka kumwambia mtu pancha ilikupata wapi, ulisema ulikuwa unatembea ukiwa umekaa.

"Kuna kitundu nyuma ya kisanduku," alisema Bi Mwamvua, akichomoa pini kwenye ukaya aliojitanda kichwani. "Sikudhani alinionyesha. Unachomeka pini, kinasahau kila kitu, unaanza upya."

Mzee Anzuruni alikijua kitundu hicho. Alikigeuza kisanduku amkumbushe mkewe. Mgongoni, kwa amri ya wizara, palibandikwa picha ya Mheshimiwa Mkuu akitabasamu, na kitundu kiliangukia katikati ya jicho lake la kulia.

"Mwalimu Mchopa alichomeka," alisema Mzee Anzuruni.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Anafundisha mamba kusoma, kule bondeni. Wanasema maendeleo ni ya kuridhisha."

Bi Mwamvua akairudisha pini kwenye ukaya wake.

*

Alhamisi Mzee Anzuruni alivaa koti akaenda ofisi ya wilaya ya Wizara ya Maneno ya Siri. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikazunguka jengo, ikaingia tena kwa mlango wa nyuma, hivyo wa mwisho walikuwa wakitazamana na wa kwanza. Mbele yake alisimama jirani yake, Chambuso muuza mkaa.

"Hata wewe, Msomaji?" alishangaa Chambuso. "Wewe si ndiye kabati la majina?"

"Kabati la majina halali," alijibu Mzee Anzuruni. "Wewe una shida gani?"

"Nina runinga mwaka wa pili. Tunaiangalia ikiwa imezimwa. Mama watoto anasukia nywele humo, anajiona vizuri kuliko kwenye kioo."

"Na neno hulikumbuki kabisa?"

Chambuso akatazama kulia na kushoto. "Nakumbuka mwanzo wake. Tazama majirani zetu wale: yule mama wa kitenge cha kijani anakumbuka mwisho. Yule mwenye fimbo anakumbuka katikati, ila anasema akilitaja hata kwa Mungu atamwomba asimsikie."

"Sasa si mkae pamoja mliunganishe?"

"Tukae pamoja? Watatu?" Chambuso alicheka mpaka mkaa ukamdondoka ndevuni. "Mzee, huo si utakuwa mkutano? Na mkutano lazima uanze kwa jina zima!"

Saa saba Mzee Anzuruni alifika dirishani. Ndani alikaa afisa kijana, Bwana Tindwa, mwenye kalamu nne mfukoni, zote nyekundu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimesahau neno la siri la nyumba yangu."

"Pole sana. Ni haki yako kulipata, na wizara ipo kwa ajili hiyo." Afisa alifungua daftari, akaliinamisha asilione mwingine. "Lipo hapa. Sasa, ili tuwe na hakika kwamba ni lako, naomba ulitaje."

"Ningekuwa nalijua, ningekuja?"

"Wengi huja, mzee. Hupenda kusalimia."

Mzee Anzuruni akavuta pumzi, ile ya kazini. "Kijana wangu. Neno langu ni jina la Mheshimiwa Mkuu kama lilivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Niambie tu lilikuwaje."

Bwana Tindwa aliweka kalamu chini. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kuongea kwa sauti ya kusikiwa na watu walio nje.

"Mzee, napenda kukufahamisha, kwa niaba ya wizara na kwa mujibu wa Kifungu cha Tisa, kwamba jina la Mheshimiwa Mkuu halijawahi kubadilika. Limekuwa likijidhihirisha. Jina unaloliita la zamani halikuwahi kuwapo."

"Kama halikuwahi kuwapo, lilifungaje waifai yangu?"

"Ndiyo maana mtandao hupati."

Foleni nzima ikatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyewahi kuelezwa tatizo lake kwa ufasaha namna ile.

Bwana Tindwa akakaa, akashusha sauti. Chini ya kalamu zile alikuwa kijana wa watu. "Ipo njia, mzee wangu. Dirisha la Toba, mlango wa pili. Raia anaruhusiwa kuliandika jina lile mahali pamoja tu: katika barua ya kukiri kwamba aliwahi kulitamka. Huwezi kukiri kosa usilolijua, kwa hiyo pale wanakusomea kosa lako nawe unaandika imla. Jumamosi wanafungua saa mbili."

"Halafu?"

"Halafu unaijaza nyumbani sehemu ya majuto, unaifunga, unaituma kabla ya saa nane mchana siku hiyo hiyo, la sivyo wanaifuata wenyewe, pamoja na wewe. Ukishaituma, unapumzishwa wadhifa wowote ulio nao."

"Mimi ni Msomaji wa Majina."

"Ulikuwa," alisema Bwana Tindwa kwa upole, kisha akajirekebisha. "Ungekuwa ulikuwa."

*

Jumapili ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa Sikukuu ya Nyongeza. Bahasha ya jina jipya ilikuwa tayari kabatini kwa Mzee Anzuruni: maneno arobaini na manne. Wilaya nzima ingekusanyika uwanjani, na kwa mara ya kwanza msomaji wa wilaya angekuwa yeye. Ijumaa nzima alizunguka ua akifanya mazoezi. Alijaribu kulimaliza kwa pumzi mbili, akaishia kukohoa karibu na banda la kuku.

Bi Mwamvua alikuwa akichambua mchele barazani.

"Kesho sherehe ya mtoto saa nne," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimefikiri. Sikudhani ana akili, ataelewa. Atatuletea picha."

"Atatuletea."

"Mimi sikuupata wadhifa huu kwa kupendelewa, Mama Sikudhani. Nilibeba marobota mchana, jioni nikakaa dawati moja na watu wenye mvi, mwalimu akinichapa kwa irabu. Leo watu wazima wananyamaza nikifungua mdomo. Nikiandika barua ile, Jumapili atasimama yule wa pumzi nne!"

Bi Mwamvua alitupa kokoto uani, moja, halafu nyingine.

"Mtu asiyejua hata kama upo, umemwekea maneno arobaini na manne kifuani, usiku na mchana. Mwanao ana maneno matatu tu. Sikudhani Anzuruni Kipala. La katikati ndiyo wewe mwenyewe. Kesho watayasoma mara moja, hawatarudia." Akauchukua ungo wake akainuka. "Mimi sikusoma, Baba Sikudhani. Labda shule ya jioni walikueleza mengine."

Aliingia ndani. Mzee Anzuruni akabaki na kuku. Alijaribu tena jina jipya, akafika neno la tisa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuona la kumi ni la nini.

*

Jumamosi saa mbili kamili alikuwa Dirisha la Toba. Aliyemhudumia ni mama mnene mwenye miwani, aliyeziba masikio kwa pamba.

"Ni ya nini pamba?" aliuliza Mzee Anzuruni.

"EEH?"

"PAMBA!"

"Ah! Ni ili nisijisikie nikilisema. Andika!"

Mzee Anzuruni alipindua mkono wa koti. Kwa imla hakuna aliyemshinda katika darasa lake lote, na hata sasa, akijiangamiza, hakuacha kuona kwamba herufi zake zilikuwa zimesimama vizuri.

"Mimi, nukta nukta, nakiri!" alinguruma mama yule, na barabara nzima ikasikia isipokuwa yeye. "Kwamba kwa ulimi wangu mwenyewe nilimwita Kiongozi wetu kwa jina pungufu na la aibu la Mheshimiwa Mkuu Baba wa Mvua Mpanda Baiskeli wa Kwanza! Nukta! Najuta kwamba! Hapo jaza mwenyewe!"

Mzee Anzuruni alikunja barua, akashika koti kifuani, akaenda nyumbani kwa mwendo ambao mtu wa umri wake anauita kutembea na watu wengine wote wanauita kukimbia.

Saa nne kasorobo. Bi Mwamvua, aliyevaa gauni la Idi, alikuwa na rimoti tayari. "Taja, mimi nabonyeza. Wewe macho yako hayaoni hizo herufi."

Akataja. Tatizo la mtu aliyesoma majina mbele ya halaiki miaka kumi ni kwamba hana sauti nyingine. Alipofungua mdomo kusema "m", madirisha ya Mtaa wa Subira yalitetemeka. Akasema "h". Akasema "e". Kwa Chambuso mtu aliyekuwa akikatakata kuni aliacha. Alipofika "mvua", mama wa kitenge cha kijani alikuwa ameshamwita mumewe arudi kutoka chooni. Alipofika "b" ya yale magurudumu mawili, mtaa ulikuwa kimya kabisa, na katika ukimya huo, kutoka nyumba hadi nyumba, zilisikika rimoti zikibonyezwa kwa pamoja, tik, tik, tik, kama mvua ndogo ya kwanza kwenye bati. Zilikuwa herufi arobaini na sita. Alizimaliza kwa pumzi moja.

Runinga ikafikiri. Kisha ikafunguka, na pale sebuleni, chini ya cheti chenye mhuri wa zambarau, ukajaa ukumbi mkubwa wa nchi ya baridi, watu wamevaa majoho meusi kama kunguru waliostaarabika.

Nje, nyumba kumi na sita zilipiga kelele. Kwa Chambuso zilisikika katuni, kwa mama wa kitenge mahubiri, kwa mwenye fimbo mpira.

"Kaa," alisema Bi Mwamvua.

"Sikai."

Alisimama katikati ya sebule na koti lake. Walipita wengi, majina magumu, yasiyo na irabu za kutosha. Mzee Anzuruni alimsikitikia msomaji wao. Kisha msomaji huyo, bwana mwenye mvi, alisogea kwenye kipaza sauti, akaangalia karatasi, akajikwaa kidogo, akajaribu, akayasema maneno matatu. La katikati alilikosea. Na akatokea msichana mrefu, mwenye mwendo wa mama yake, akapanda ngazi, na kabla hajapokea chochote akaitazama kamera sawasawa, akainua mkono, akapunga.

"Anatuona?" aliuliza Bi Mwamvua, naye akapunga kwa nguvu, ukaya ukamtoka kichwani.

Mzee Anzuruni aliinua mkono, naye akapunga. Alijaribu kuyarudia yale maneno matatu, na pumzi zote zile alizokuwa akijivunia hazikumsaidia hata moja.

*

Saa saba na nusu alikaa mezani na barua yake. Mtaa mzima ulikuwa ukisikika kama soko. Bi Mwamvua alimwekea chai, akasimama nyuma yake.

"Umebakiza wapi?"

"Majuto." Alionyesha kwa kidole. Palikuwa pamebaki mistari mitatu mitupu. "Chambuso anasema wengi huandika kwamba walikuwa na homa."

"Wewe ulikuwa na homa?"

"Sikuwa nayo. Na sijawahi kuandika uongo kwa wino."

Alifikiri mpaka chai ikaota ngozi. Mara mbili aliinua kalamu, mara mbili akaishusha. Kisha akainama, akaandika taratibu, kwa mwandiko ule wa mwalimu wake wa jioni, kila herufi imekaa juu ya mstari kama mgeni mwenye adabu. Alipomaliza, aliisoma kwa sauti ndogo, sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake:

"Najuta kwamba sikukosa mapema zaidi, ningemwona binti yangu siku nyingi."

"Hiyo watakubali?" aliuliza Bi Mwamvua.

"Nafasi ilikuwa ya majuto. Nimejuta."

Akaweka nukta. Akatia sahihi, jina lake lote, maneno mawili. Akaikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya wizara, akailamba gundi kutoka pembe hadi pembe, akaibana chini ya kiganja huku akihesabu hadi ishirini. Kisha akavaa kofia, akatembea mpaka kwenye sanduku la posta mbele ya duka la mafuta ya taa, na, saa nane ikiwa imebakiza dakika nne, akaitumbukiza.